Jamani, Keki Hii! Tabaka Tatu za Chokoleti kwa Shangazi

Naanza na hukumu, maana nikiichelewesha nitapasuka: keki hii ni nzuri mno! Tabaka tatu za chokoleti, nyeusi tii, zimelala moja juu ya nyingine, ganashi nene ikizishika katikati na kuzifunika mpaka chini, na kila tabaka ina unyevu wa ajabu. Ukiibonyeza kwa kidole inashuka kidogo, halafu inarudi yenyewe. Nimekula keki nyingi za chokoleti hapa Dar es Salaam, za kununua na za kualikwa, na nasema bila kusita kwamba hii iliyotoka jikoni kwangu imezipita karibu zote. Wala si kwa sababu ya mikono yangu. Mapishi yenyewe yana akili. Kila kilichomo kina kazi yake, na kazi hiyo unaiona kwa macho yako ikifanyika ndani ya bakuli. Niacheni niisifu sasa hivi, wakati harufu bado imo ndani ya nyumba.

Nimeioka kwa ajili ya shangazi yangu aliyetimiza miaka 60. Amekulia Muheza, amepika keki za Idi na za harusi tangu akiwa msichana, na keki za madukani ana neno moja tu la kuzisemea: "Sukari na rangi, mwanangu. Keki iko wapi?" Hapendi aisingi inayokereketa koo. Hapendi keki ambayo haishuki mpaka uisukume kwa chai. Anapenda kitu kizito, ladha inayokaa mdomoni, na iliki anaipenda kupita kiasi. Mtu wa namna hii humpelekei keki yoyote tu. Ukimwokea, unamwokea yeye, kwa ulimi wake, na ndiyo maana nilipokutana na mapishi haya moyo ulinidunda: ladha yote inabebwa na kakao, sukari inasindikiza tu.

Keki tuliyoizoea majumbani inajulikana. Unachapa Blue Band na sukari mpaka mkono uume na mchanganyiko uwe mweupe, unatia mayai moja moja, unga, maziwa kidogo, iliki au vanila, unaoka. Ni keki ya heshima na sitaikana kamwe. Lakini itie kakao uone. Unga wa kakao unafyonza maji kuliko unga wa ngano, kwa hiyo ukiuongeza kwenye keki ileile bila kuongeza majimaji, keki inakauka. Majarini nayo, keki ikishapoa, inaganda, hasa ukiiweka kwenye friji. Ndiyo ile keki ya chokoleti yenye rangi nzuri ambayo ukiimeza inakwama kifuani. Mapishi haya yanayatatua yote mawili kwa mkupuo mmoja. Badala ya majarini unatia mafuta ya kula yasiyo na harufu, ambayo hayagandi keki ikipoa. Na badala ya kuogopa maji, unayamimina kwa wingi, tena ya moto, tena ya kahawa.

Kahawa! Mililita 360 za kahawa nyeusi, ya moto kabisa, zinakwenda moja kwa moja juu ya unga wa kakao. Nimetumia Africafé ya Bukoba kwa sababu ndiyo iliyokuwa kabatini, na imefanya kazi bila kasoro. Joto linavimbisha wanga uliomo ndani ya kakao na kuifungua harufu iliyokuwa imefungwa kwenye chembe zake. Unga ulikuwa wa kahawia iliyopauka, wa vumbi, hauna mvuto wowote. Ndani ya dakika moja umegeuka rojo jeusi lenye wekundu kwa mbali, linang'aa, na jiko zima linanukia chokoleti wakati oveni hata haijawashwa! Na keki ikishaiva hutaisikia kahawa. Wote walioonja hawakuitaja. Uchungu wake umeingia ndani ya uchungu wa kakao ukaupandisha, basi, wenyewe ukapotea. Ukitoka na jambo moja tu katika maelezo yangu yote, toka na hili: kakao iungwe kwa kimiminika cha moto, daima.

Halafu kuna mtindi. Kakao ya asili ina tindikali, mtindi nao una tindikali, na vikikutana na beking soda gesi inaanza kutoka palepale. Ukiinama juu ya bakuli unaona vipovu vinachomoza na kupasuka. Gesi hiyo ndiyo inayoinua keki. Nasema beking soda, ile nyeupe laini inayouzwa pamoja na vitu vya keki, siyo magadi ya kulainishia maharage. Magadi yataua kazi yako yote. Na angalia pia kopo la kakao limeandikwa nini. Mwaka 1828 huko Amsterdam, familia ya Van Houten ilipata hataza ya mashine ya kukamua mafuta kwenye kakao, na ndiyo asili ya huu unga mkavu tunaonunua leo. Nyumba hiyohiyo ndiyo iliyoanzisha utaratibu wa kutibu kakao kwa alkali ili iwe nyeusi zaidi na ukali upungue. Kakao iliyopita kwenye alkali haina tindikali ya kuamsha soda. Lakini mapishi haya yana mtindi mwingi, kwa hiyo hata kakao yako ikiwa ya aina hiyo soda itapata wa kushughulika naye, na beking pauda iliyomo inamalizia. Napenda sana mapishi yanayomfikiria mtu ambaye duka la mtaani kwake lina kopo la aina moja tu.

Na kakao yenyewe tunayo, tena ya kujivunia. Sehemu kubwa ya kakao ya Tanzania inatoka Kyela na Busokelo mkoani Mbeya. Bonde la Kilombero nalo lina kakao, chini ya milima ya Udzungwa, ambako watu wa kampuni ya Kokoa Kamili wananunua kakao mbichi kwa wakulima, wanaichachusha na kuikausha wenyewe, kisha punje zinasafiri mpaka kwa watengenezaji wa chokoleti wa Marekani na Ulaya, ambao wanaandika Tanzania kwenye karatasi ya nje kwa fahari. Dandelion wa San Francisco ni mmoja wao. Wanaoionja wanaisifia uchachu wake wa matunda, na uchachu huo haukuja kwa bahati. Punje zikitolewa kwenye ganda zikiwa na ute wake mweupe, zinafunikwa kwenye masanduku ya mbao kwa siku kadhaa. Chachu na bakteria zinakula sukari ya ule ute, joto linapanda, punje zinageuzwageuzwa, na humo ndimo inamojengwa ladha ambayo baadaye moto wa kukaangia utaiamsha. Punje ambayo haikuchachushwa ni chungu tu, haina chokoleti ndani yake hata uikaange vipi. Kwa hiyo anayechekecha kijiko cha kakao nyumbani anamalizia kazi iliyoanzwa na mkulima aliyefunika masanduku yake vizuri. Nimetumia unga wa asili, usiotibiwa kwa alkali, na ule uchachu wa mbali nimeuhisi mpaka kwenye keki iliyoiva, pembeni mwa ulimi, baada ya utamu kupita.

Vipimo, kwa anayetaka kuanza leo. Unga wa ngano gramu 340, sukari gramu 450, kakao gramu 100, beking soda vijiko vya chai 2 na nusu, beking pauda kijiko cha chai 1 na nusu, chumvi kijiko cha chai 1. Upande wa majimaji ni mayai 3, mtindi mililita 360, mafuta mililita 180, ile kahawa mililita 360, na vanila kijiko kimoja cha chai. Mapishi mengi ya Kimarekani ya aina hii yangetaka sukari kama gramu 600 kwa unga wa kiasi hiki. Nimepunguza robo nzima kwa ajili ya shangazi na keki haikupoteza kitu, imepata! Ila usishuke sana zaidi ya hapo, maana sukari nayo ndiyo inayoshika unyevu. Chekecha unga, soda, pauda, sukari na chumvi pamoja. Piga mayai, mtindi, mafuta na vanila kwenye bakuli jingine. Kakao na kahawa zimeshakutana pembeni na zimepoa kidogo zisije zikayapika mayai. Changanya vyote kwa mchapo wa mkono mpaka mabonge yaishe, kisha acha. Ukiendelea kukoroga unauamsha ule mnato wa ngano na keki itakuwa ngumu. Hakuna mashine. Hakuna kuuma mkono. Muda wote huu ni mfupi kuliko ule wa kuchapa Blue Band peke yake.

Rojo lake ni jepesi, na hapa ndipo wengi watakapoogopa. Linatiririka kama uji wa mgonjwa! Mtu aliyezoea keki ya mwiko kusimama atanyoosha mkono kuchukua unga wa kuongeza. Usiongeze hata kijiko. Wepesi huo ndio unyevu wa kesho.

Nimegawa kwenye mabati matatu ya sentimita 20, karatasi chini, gramu 640 hivi kila bati, kwa mizani. Mizani ndiyo chombo pekee ninachosisitiza katika keki hii, kwa sababu tabaka zikilingana hutakuwa na haja ya kukatakata, na kipande kikikatwa mistari yake inakaa sawa. Oveni nyuzi 175, dakika 30 hadi 35, mpaka kijiti kitoke na chembe mbili tatu zilizoshikana, bila rojo. Mwenye jiko la mkaa asijitoe. Sufuria kubwa yenye mchanga chini na makaa juu ya mfuniko inaoka keki hii vizuri, ila ataoka tabaka moja moja, kwa hiyo agawe vikavu mafungu matatu na vya majimaji vilevile, avikutanishe kila zamu inapofika. Soda inaanza kazi dakika ileile inapokutana na mtindi, na haitangoja tabaka mbili ziive kwanza. Zikishatoka ziache zipoe kabisa, zifunge kwa plastiki, zilaze kwenye friji mpaka asubuhi. Keki ya mafuta ni tamu zaidi siku ya pili: unyevu umeenea, kakao imetulia, na tabaka zimekuwa imara kiasi kwamba unaweza kuzinyanyua kwa mikono miwili bila hofu.

Sasa tufike kwenye ganashi, na hapa naomba mniruhusu nitulie kidogo.

Ganashi ni chokoleti na krimu ya moto. Basi. Hakuna unga wa sukari, hakuna rangi, hakuna mahali pa kujificha, na kwa sababu hiyo chokoleti lazima iwe chokoleti kweli. Geuza pakiti usome nyuma. Unatafuta siagi ya kakao. Ukikuta nafasi yake imechukuliwa na mafuta ya mawese au mafuta mengine ya mimea, irudishe rafuni. Siagi ya kakao inayeyuka karibu na nyuzi 34, chini kidogo ya joto la mwili wa binadamu, na ndiyo maana chokoleti halisi inajiachia yenyewe ulimini, wakati ile nyingine inabaki imegandamana kwenye kaakaa. Nilichukua yenye kakao asilimia 60. Krimu iwe ya maziwa, yenye mafuta kama asilimia 35. Ile ya mimea inayotumika kupambia keki ina utamu wake tayari na haiwezi kazi hii.

Ndiyo, ni ghali. Mwaka 2024 bei ya kakao katika soko la dunia ilivuka dola 10,000 kwa tani, baada ya mavuno kuharibika Côte d'Ivoire na Ghana, nchi mbili ambazo kwa kawaida hutoa zaidi ya nusu ya kakao yote duniani. Hali ya hewa ilikuwa mbaya na maradhi ya miti yalikuwa yamesambaa. Wakulima wa Kyela, wanaouza kwenye minada ya stakabadhi ghalani, waliona bei ambazo hawakuwa wamezizoea, na nilifurahi kwa ajili yao kutoka moyoni. Chokoleti gramu 700 ndiyo gharama kubwa kuliko zote katika keki hii. Ningeilipa tena kesho.

Kwa ganashi ya katikati nimetia chokoleti gramu 300 kwa krimu mililita 300. Kwa ile ya nje, chokoleti gramu 400 kwa krimu mililita 200, maana huko nje ndiko joto la Dar es Salaam linakopigana nayo. Na katika krimu ya katikati nikatia zawadi ya shangazi mwenyewe: iliki. Misitu ya Amani, huko kwao Muheza, imelimwa iliki miaka mingi chini ya kivuli cha miti mikubwa, na harufu ile ameizoea tangu utotoni. Nilizitwanga kidogo tu, ganda na punje, nikazitumbukiza kwenye krimu, nikapasha mpaka pembeni pakaanza kutetemeka, nikafunika ikae, nikachuja, nikapasha tena. Kisha nikaimimina juu ya chokoleti iliyokatwakatwa ndogondogo.

Hapo usiguse! Hesabu dakika mbili, joto lishuke mpaka chini ya bakuli. Halafu chukua mwiko wa mpira, uuweke katikati kabisa, uanze kuzungusha miduara midogo, taratibu. Kwanza utaona balaa. Krimu imepauka, chokoleti imetengana vipande vipande, mafuta yanaelea, na utaapa kwamba umepoteza pesa. Endelea. Pale katikati, chini ya mwiko, panatokea doa dogo jeusi linalong'aa. Linatanuka. Kila mzunguko linakula weupe uliolizunguka, linafika ukubwa wa kisahani, linafika ukingoni, na ghafla bakuli zima limekuwa kitu kimoja, kizito, laini, cheusi, na taa ya dari unaiona humo ndani imetulia. Kilichotokea ni kwamba siagi ya kakao imegawanyika matone madogo yasiyoonekana na kujishikiza ndani ya maji ya krimu. Kujua hivyo hakukunipunguzia furaha hata kidogo. Nilimwita kila aliyekuwa ndani aje aone.

Ganashi ndiyo iliyoniteka kabisa kwa upande wa hali ya hewa yetu. Aisingi ya siagi ni tamu na inapambika, sikatai, lakini kwenye joto la zaidi ya nyuzi 30 inaanza kulegea, inateleza, maua yanainama. Ganashi yenye chokoleti nyingi ikishashika haina wasiwasi wa namna hiyo kwa mwendo wa kawaida wa mjini. Niliijenga hivi: tabaka, ganashi ya iliki, tabaka, ganashi ya iliki, tabaka, kisha ganashi ya nje nikaipaka nyembamba sana kwanza, ili ikamate chembe zote zinazobanduka, nusu saa kwenye friji, halafu mpako mnene wa mwisho, kwa upande wa kisu kirefu, bila kutafuta unyoofu mkubwa. Sikuweka pambo lolote juu. Alama za kisu zilitosha, na keki yenye sura hii kuipachika maua ya plastiki ni kuivunjia heshima.

Safari ilikuwa ya bajaji, jua la mchana. Neno moja kwa wanaosafirisha: weka boksi sakafuni, si mapajani. Mapaja yana mteremko na yana joto. Keki ilifika bila ufa, kingo zimesimama.

Tukaingia, salamu zikapita, "Shikamoo shangazi," "Marahaba mwanangu, karibuni," akafungua boksi mwenyewe. Akaitazama kwa muda. Alikataa kukatiwa. Aliagiza maji ya moto kwenye jagi, akachovya kisu, akakifuta kwa kitambaa, akakata. Akachovya tena, akafuta tena, akakata tena, kwa utulivu wa mtu aliyekata keki za watu wengi. Kipande kikatoka kizima. Mikanda mitatu myeusi, mistari miwili inayong'aa katikati, na ukuta wa ganashi nje uliopasuka kwa sauti ndogo kisu kilipoupita. Kwa macho tu tayari ilikuwa imeshinda.

Akala kimya. Mimi nami nikala, na nitawaambieni nilichokipata. Kwanza ni ule ukuta wa nje, mgumu kidogo, unaoanza kuyeyuka kabla hujautafuna. Halafu keki, laini, nzito bila kubana, inayopita kooni yenyewe. Uchungu wa kakao unakuja mbele, utamu unafuata nyuma yake kwa adabu. Na pale unapodhani mambo yamekwisha ndipo iliki inapopanda, kupitia puani zaidi kuliko ulimini, na kukaa. Inakaa muda mrefu! Nilikuwa nimeshaweka uma chini na bado naisikia. Chumvi nayo inafanya kazi yake kwa siri: hujui kama ipo, lakini ndiyo inayofanya kakao iseme kwa sauti.

Shangazi alimaliza, akazibonyeza chembe zilizobaki sahanini kwa kidole, akazila nazo.

"Iliki umeitia wapi?"

"Kwenye krimu, shangazi. Halafu nikaichuja."

"Ndiyo maana haikwaruzi." Akanisogezea sahani. "Nipe kipande kingine, na usinipimie."

Kwa mtu anayemfahamu shangazi, hukumu hiyo inatosha kufunga kesi.

Nimeulizwa kama keki hii inashinda zile maarufu za Ulaya. Keki za chokoleti zina ukoo mrefu. Ile ya Vienna, Sachertorte, inayohusishwa na kijana Franz Sacher mwaka 1832, imejengwa kwa namna tofauti kabisa: kavu kiasi, jamu ya aprikoti, ganda la chokoleti juu, na krimu iliyopigwa pembeni ya sahani ya kuisaidia kushuka. Ina wapenzi wake na inastahili. Mimi nipo upande wa keki inayojitosheleza, na jikoni kwetu, ambako mafuta ya kula, mtindi na kahawa vipo kila siku na aprikoti haipo, sioni hata la kushindanisha.

Ina mipaka yake, nayo nitaisema waziwazi. Ni ya kazi ya siku mbili. Anayeipaka ganashi ingali ya moto atailaumu bure. Ni laini mno kubeba ghorofa za keki ya harusi. Ukiweka keki nyingine nzito juu yake bila nguzo itakaa chini. Watoto wadogo wanaweza kuiona chungu, na kwao ningechanganya nusu chokoleti nyeusi na nusu ya maziwa kwenye ganashi ya katikati, nikiongeza chokoleti kidogo kwa sababu ile ya maziwa ni laini zaidi. Na umeme ukikatika siku ya kupaka, kazi inasimama mpaka urudi, kwa sababu friji ndiyo fundi mwenzako kati ya mpako wa kwanza na wa pili. Basi, mipaka ni hiyo. Hakuna hata mmoja unaonizuia kuipa alama zote kwa ladha, alama zote kwa unyevu, na alama zote kwa urahisi wa rojo lake.

Kwa hiyo ioke. Uwe na sherehe au usiwe nayo, mtafute mtu mmoja anayestahili keki nzito, mchokoze mapema ujue anapenda iliki, mdalasini au ganda la chungwa, kisha ukitie kile anachokipenda kwenye krimu ukakichuje. Kama bajeti haitoshi, punguza ukubwa wa keki, usipunguze ubora wa chokoleti: nusu ya vipimo hivi kwenye mabati mawili ya sentimita 15 inatosha watu wanane, na ganashi yake inahitaji gramu 350 tu za chokoleti. Anza usiku wa kuamkia siku yenyewe. Na kabla hujawasha oveni, soma nyuma ya pakiti.